Kuchagua na kubadilisha bledi ya msumeno wa maua

Msumeno wa maua ni mashine yenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka, ya kukatia maua na nakshi kwenye mbao. Kabla ya kuuliza namba ya bledi, tazama mti uliouweka mezani. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama. Bledi inayoteleza kwenye plaiwudi kama kisu kwenye papai itatoa moshi kwenye mpingo kabla hujamaliza hereni moja.

Bledi nyingi zina urefu wa inchi 5 (mm 127). Zipo zenye pini na zisizo na pini. Kama mashine yako inakubali zote, chukua zisizo na pini: tundu la mm 2 linatosha kuipitisha Na. 5 katikati ya ua, ilhali pini hudai tundu la karibu mm 5, na ua dogo linaharibika.

Namba ikipanda, bledi inanenepa na meno yanapungua. Plaiwudi ya mm 3 hadi 6, weka Na. 2 au 3. Mninga au mkongo wa mm 12 hadi 20, Na. 5 au 7. Mpingo wa mm 6 hadi 10, Na. 5, ukizidi mm 20, Na. 9. Hakikisha meno yasiyopungua matatu yamo ndani ya mbao. Yakipungua, ubao unarukaruka. Yakizidi sana, unga unajaa katikati yake na joto linapanda. Bledi ambayo meno machache ya chini yameelekea juu inazuia nyuzi kuchanika upande wa chini, na kwa plaiwudi ndiyo ninayoisisitiza.

Kubadilisha: chomoa plagi, legeza mkazo, kisha fungua vibano. Futa mafuta kwenye ncha za bledi mpya na uzikwaruze kwa msasa laini, maana mafuta ndiyo yanayofanya ichomoke kibanoni. Funga chini kwanza, kisha juu, meno yakikutazama na kuelekea chini. Una shaka? Pandisha kitambaa polepole katikati ya bledi: kikikwama, umeiweka sawa. Kaza mkazo, uidonoe kwa kidole kama uzi wa zeze. Ikitoa mlio mkali, safi, sawa; ikitoa mlio mzito, uliokufa, bado imelegea, na ukuta wa mkato utatoka umepinda kama tumbo la pipa. Pima kwa guniya (kipimo cha pembe mraba) kama imesimama wima juu ya meza.

Bledi nyingi huvuta upande mmoja kwa sababu kiwanda kimeacha ukali mdogo ubavuni. Usipigane nayo, geuza ubao digrii chache mpaka mstari urudi mbele ya meno.

Kwa mpingo, punguza mwendo, bandika selotepu pana juu ya mchoro ipunguze kuungua, na vaa barakoa, kwani vumbi lake huwasha ngozi na kifua. Ukianza kusukuma kwa nguvu, au ukiona mkato unang'aa mweusi, badilisha bledi papo hapo. Zilizobaki zifunge kwenye karatasi yenye mafuta. Hewa ya chumvi ya pwani huzitia kutu upesi.