Kufuli Mlangoni: Namna Mpangaji wa Mombasa Anavyoweza Kujilinda

Wapangaji wengi huanza kuuliza haki zao siku wanapokuta kufuli geni mlangoni. Wakati huo risiti zimepotea, mkataba haukuandikwa, na dipoziti alikabidhiwa keateka (msimamizi wa nyumba) mkononi bila shahidi. Kesi za nyumba huamuliwa kwa karatasi, na karatasi hizo hupatikana kwa urahisi siku ya kuingia, mwenye nyumba anapokuwa bado anakutaka.

Swali la kwanza ni kodi yako ni shilingi ngapi, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua sheria ipi inakulinda. Nyumba ya kuishi ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi iko chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296. Vyumba vya bei hiyo bado hupatikana katika nyumba za Kiswahili za mitaa kama Majengo na Likoni, zile zenye ukumbi katikati na choo cha pamoja uani. Ukiwa humo, mwenye nyumba hawezi kukutoa wala kukupandishia kodi apendavyo. Lazima apitie Baraza la Kudhibiti Kodi. Sheria hiyo pia inamtaka aweke kitabu cha kodi na kukupa nakala yako. Kidai.

Kiwango hicho kimepitwa na wakati mno, na hilo linaumiza watu. Bedsita, yaani chumba kimoja chenye jiko na choo chake, ya Bamburi au Mikindani inayolipiwa shilingi 7,000 haimo. Mpangaji wa huko hutegemea mkataba wake na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, na mgogoro wake huenda mahakamani, si kwenye baraza. Kwake hakuna kikomo cha kisheria cha nyongeza ya kodi. Asipoandikiana na mwenye nyumba kwamba kodi itapanda lini na kwa kiasi gani, atapandishiwa kwa notisi tu. Na usitegemee yanayosambazwa mitandaoni kuhusu Mswada wa Wenye Nyumba na Wapangaji wa mwaka 2021. Mswada si sheria, na hakimu hataamua kesi yako kwa huo.

Mombasa ina jambo jingine ambalo mgeni kutoka bara huenda asilijue: nyumba bila ardhi. Kiwanja ni cha mtu mmoja, nyumba ni ya mwingine, na mwenye nyumba naye hulipa kodi ya ardhi kila mwezi. Wawili hao wakikosana, wewe wa chumbani unaweza kuamka na kukuta notisi ya kubomoa ambayo haikukutaja popote. Kabla ya kulipa, uliza waziwazi: ardhi ni ya nani, na risiti ya mwisho ya kodi ya ardhi ni ya mwezi gani? Anayejibu kwa hasira au kukuzungusha, muage kwa adabu uende zako.

Usilipe chochote kabla hujaingia ndani ya nyumba yenyewe ukaiona. Matapeli hupiga picha nyumba za watu, wakaomba "ada ya kuonyeshwa" na dipoziti ya kuishikilia, halafu simu ikazimwa. Wakala wa nyumba anatakiwa awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Nyumba. Muulize nambari yake ya usajili. Waulize pia majirani wawili, bila keateka kuwepo: maji huja siku ngapi kwa wiki, na aliyehama mwisho alirudishiwa dipoziti?

Ukaguzi wa nyumba ya pwani una mambo yake. Fungua kila bomba na uonje maji. Ikiwa ni ya kisima na yana chumvi, bado utanunua maji matamu ya mitungi ya lita 20 kwa wenye mikokoteni, na gharama hiyo uiongeze kwenye kodi unapopiga hesabu. Maji hayo hayo ya chumvi hula vichwa vya mabomba na shawa kwa ndani. Hewa ya bahari nayo hushikisha kutu nondo za madirisha, bawaba na makomeo, na chumvi hupanda ukutani kutoka chini mpaka rangi ikatoa malengelenge na kubanduka. Yote haya ni uchakavu wa kawaida, lakini ndiyo hasa utakayodaiwa siku ya kuhama ikiwa huna picha. Basi piga picha: kila dirisha kwa karibu, kila bomba, ukuta wote hadi sakafuni, nyuma ya milango, na ndani ya kabati la jikoni. Zitume siku hiyo hiyo kwa mwenye nyumba kwa WhatsApp na maneno mafupi: "Hii ndiyo hali ya nyumba nilivyoikuta leo." Tarehe itajiandika yenyewe, na kama ana pingamizi atajibu.

Mita ya umeme nayo usiiache. Mita ya tokeni, ile ya kununua umeme kabla ya kuutumia, inaweza kuwa na deni la aliyetangulia, na kila ukinunua, sehemu ya pesa zako hukatwa kulilipa. Nunua tokeni ya shilingi 100 ukiwa bado hujatia saini, ulinganishe yuniti ulizopata na anazopata jirani kwa pesa zizo hizo. Kama umeme ni wa mita ndogo ya mwenye nyumba, andikeni bei ya kila yuniti kwenye mkataba.

Mkataba wenyewe si lazima uwe wa wakili. Ukurasa mmoja unatosha, mradi uwe na majina kamili na nambari za vitambulisho vya pande zote mbili, nambari ya chumba, kodi na tarehe yake, dipoziti na masharti ya kuirudisha, muda wa notisi, nani anatengeneza nini, na nambari ya simu au akaunti moja tu ya kupokelea kodi. Hilo la mwisho limewaponza wengi: kodi inatumwa kwa simu ya keateka miezi kadhaa, keateka anafukuzwa kazi, kisha mwenye nyumba anasema hajaona hata senti. Jina linalotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa liwe lile lile lililo kwenye mkataba. Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu unaweza kukataliwa kama ushahidi mahakamani mpaka ulipiwe. Kwa upangaji wa hadi miaka 3, ushuru huo ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka.

Dipoziti haikupangiwa kiasi na sheria. Mazoea ni kodi ya mwezi mmoja, na nyumba za bei ya juu huomba miwili. Fahamu kwamba dipoziti haigeuki kuwa kodi ya mwezi wa mwisho kwa uamuzi wako peke yako. Mkiafikiana hivyo, iandikwe. Usipolipa mwezi wa mwisho bila maafikiano, umejitia kwenye deni, na deni ndilo linalompa mwenye nyumba nguvu.

Ukishaingia, kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi kinakupa mambo mawili makubwa hata kama mkataba wako hauyataji. Ukilipa kodi na kutimiza masharti, una haki ya kukaa kwa utulivu bila kuingiliwa. Na ukiwa umepanga sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu, mifereji mikuu na njia za pamoja ni juu ya mwenye nyumba kuzitunza. Paa likivuja, mwandikie, mpe muda maalumu, hifadhi ujumbe. Usikate gharama za fundi kwenye kodi kabla hajakubali kwa maandishi.

Notisi: unapolipa kwa mwezi na mkataba haujasema lolote, kila upande unatakiwa umpe mwenzake notisi ya mwezi mmoja. Yako inaweza kuwa fupi hivi: "Bwana Fulani, mimi mpangaji wa chumba nambari 6 nakuarifu leo tarehe 30 Mei kwamba nitahama tarehe 30 Juni. Naomba tukague chumba pamoja siku hiyo saa 4 asubuhi, na unirejeshee dipoziti yangu ya shilingi 7,000." Tuma kwa WhatsApp, na nakala ya karatasi umpe mkononi akutilie saini.

Sasa kufuli. Hata ukiwa na deni la miezi, mwenye nyumba hana ruhusa ya kukufungia nje, kung'oa mlango, kuezua mabati, kukata maji au umeme, wala kujichukulia televisheni yako. Akitaka vitu vyako kwa ajili ya kodi, anatakiwa amtumie dalali wa mnada mwenye leseni, ambaye ataorodhesha vitu na thamani yake, akukabidhi orodha hiyo, kisha akupe notisi ya siku 14 ulipe. Ukishapewa orodha hiyo, usivihamishe vitu vilivyotajwa. Hapo kosa litakuwa lako.

Ukikuta umefungiwa, usivunje. Piga picha ya kufuli, ita shahidi, kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu uandikishe tukio na upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Askari wengine watakwambia hayo ni mambo ya madai, si yao. Omba iandikwe hata hivyo, maana hiyo nambari ndiyo itakayobeba ombi lako la dharura. Mwenye kodi isiyozidi 2,500 apeleke malalamiko kwenye baraza. Aliyezidi aende mahakamani kuomba amri ya kurudishwa ndani. Chifu na mzee wa mtaa husaidia sana kupatanisha, lakini hawana mamlaka ya kukuhamisha, hata barua yao iwe na muhuri. Kama huna pesa za wakili, shirika la Kituo cha Sheria na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria zote zinahudumia watu Mombasa.

Aliyepanga duka au mkahawa yuko chini ya Sura ya 301, sheria ya upangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, yenye baraza lake. Akipanga bila maandishi, au kwa mkataba wa miaka isiyozidi 5, notisi ya kumtoa lazima iwe ya miezi 2 au zaidi, kwa fomu maalumu na kwa sababu zilizotajwa. Ajibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja, na afungue shauri kabla notisi haijaanza kazi. Akifungua kwa wakati, notisi husitishwa mpaka shauri liamuliwe. Akichelewa, inamfunga.

Siku ya kuhama, kagueni chumba pamoja mkiwa na picha zile za siku ya kwanza, soma mita, kabidhi funguo kwa maandishi. Ukinyimwa dipoziti, andika barua ya madai ukimpa siku 14. Zikipita, nenda Mahakama ya Madai Madogo Mombasa, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia mwenyewe. Beba mkataba, taarifa ya M-Pesa iliyochapishwa, picha, notisi uliyotoa, na barua ya madai. Zipange kwa tarehe, uzitie kurasa nambari, utoe nakala tatu: ya mahakama, ya mwenye nyumba, na yako.