Jinsi ya kutafuta jedwali-S la biti 8 kwa mbinu ya kupoza taratibu

Ndani ya AES (kanuni ya kusimba data inayotumika sana), jedwali-S, yaani jedwali linalobadilisha kila namba inayoingia kwa namba nyingine, ndiyo sehemu pekee isiyo ya mstari. Ukiliondoa, ufunguo unapatikana kwa kutatua milinganyo tu. Jedwali la AES lilitokana na aljebra. Hapa tutalisaka letu kwa kompyuta, kwa kupoza taratibu (simulated annealing): kurekebisha jedwali kidogo kidogo, huku tukikubali hata mabadiliko mabaya mwanzoni na kuyapunguza kadiri tunavyoendelea. Mpangilio wa namba 0 hadi 255 una njia 256! (256 × 255 × … × 1), namba yenye tarakimu 507, kwa hiyo kujaribu zote haiwezekani.

Hatua ya 1. Changanya namba 0–255 kwa bahati nasibu. Hilo ndilo jedwali la kuanzia.

Hatua ya 2. Kokotoa jedwali la Walsh. Kwa kila jozi ya vichujio a (ingizo) na b (tokeo), yaani namba zinazochagua biti za kuangalia, a·x ni XOR (kujumlisha biti bila kubeba) ya biti za x zilizochaguliwa na a, na b·S(x) vivyo hivyo. W(a,b) ni idadi ya x ambapo a·x na b·S(x) zinalingana, toa idadi ya zile zisizolingana. Kiwango cha kukwepa mstari (kikubwa ndicho bora) ni 128 toa nusu ya |W| iliyo kubwa kuliko zote, ukiacha b = 0. AES ina 112.

Hatua ya 3 ndiyo inayoamua kila kitu: gharama, yaani namba ambayo programu inajaribu kuishusha. Wengi hutumia kiwango chenyewe kama gharama, na utafutaji hukwama mapema, kwa sababu mabadilishano mengi (Hatua ya 4) hayagusi kilele, yaani |W| iliyo kubwa kuliko zote, hata kidogo. Programu haijui kama inasogea au imesimama. Watafiti Clark, Jacob na Stepney walipendekeza mwaka 2005 kujumlisha ||W| − X| kwa kipeo cha R katika jedwali zima la Walsh, ambapo X na R ni namba unazochagua mwenyewe. Hapo kila seli inatoa taarifa. Usiweke R = 2 na X = 0: kwa kanuni ya Parseval, jumla ya W² kwa kila b ni 65,536 daima, hivyo gharama haitabadilika kamwe. Anza na R = 3, kisha ipandishe; R kubwa huviadhibu vilele zaidi.

Hatua ya 4. Badilishana matokeo mawili, S(x₁) na S(x₂). Usikokotoe jedwali la Walsh upya! Seli 16,384 tu ndizo zinazobadilika, kila moja kwa +4 au −4. Hapa ndipo kasi inapopatikana.

Hatua ya 5. Gharama ikishuka, kubali. Ikipanda kwa d, kubali kwa uwezekano wa e^(−d/T). Punguza joto T kidogo kidogo, mfano kwa kuzidisha 0.99 kila baada ya mabadilishano elfu kadhaa. Ukifika kiwango cha kukwepa mstari cha 102 umefanya vizuri. 104 inawezekana, ila inahitaji uvumilivu na gharama iliyochaguliwa vyema.

Hatua ya 6. Kagua jedwali la tofauti pia (linalohesabu ni mara ngapi tofauti fulani kati ya maingizo mawili inazaa tofauti fulani ya matokeo), maana kukwepa mstari hakuzuii shambulio la tofauti, linalotumia ruwaza hizo. Thamani kubwa kabisa ya AES ni 4. Yako itakuwa juu zaidi, kwa hiyo usiliweke jedwali lako kwenye mfumo unaolinda data za watu.

Ukikuta S(x) = x mahali fulani, kokotoa S(x) XOR x kwa x zote, chagua c ambayo haikujitokeza, kisha XOR kila tokeo na c. Vipimo vyote viwili vitabaki vilevile.