SOMO: Kuandaa CAVE ili mtafiti asitoke na kichefuchefu

Wakuu, naandika mara moja tu. Nimechoka kujibu hili inboksi.

CAVE ni chumba ambacho kuta zenyewe ni skrini. Cha kwanza kilionyeshwa Chicago mwaka 1992, kazi ya Carolina Cruz-Neira, Daniel Sandin na Thomas DeFanti. Ninachohudumia mimi kina kuta tatu na sakafu, kila upande mita 3.

1. Vua viatu. Sakafu nayo ni skrini.

2. Washa projekta, ziache zipate moto.

3. Vaa miwani ya 3D, fumba jicho mojamoja. Kila jicho lione picha moja tu. Ukiona mbilimbili, miwani na projekta haziendi pamoja.

4. Hapa ndipo penye kazi. Kamera za infraredi hufuata vitufe vinavyong'aa kwenye miwani, kompyuta ijue macho yako yako wapi, kisha ichore picha kwa ajili ya macho hayo. Mwaka jana niliweka pembemraba ya vipimo (kifaa kinachoionyesha kompyuta katikati ya chumba ni wapi) sentimita 15 nje ya katikati yenyewe, nikasema si neno. Akaingia mwanakemia kuangalia protini yake. Kila akisogea, molekuli inamkwepa. Alimalizia kikao chini koridoni, jasho linamtoka.

Tangu siku ile nachora kwa kompyuta mstari mnyoofu unaovuka kona ya kuta mbili. Natembea chumba kizima. Mstari ukivunjika konani, HAINGII MTU. Halafu nasimamisha rula halisi, nachora ya pepe (ya picha tu) palepale, naizunguka. Zikiachana, narudia vipimo toka mwanzo. Usichezee namba ya umbali kati ya macho mawili ili zifanane; kosa utalihamisha tu. Na vua saa na cheni: kamera huziona kama vitufe.

5. Pakia data. Mita au futi? Hakikisha.

MASWALI

Kibuyu: Mbona mimi naona picha imepinda?
– Ulivaa miwani inayofuatiliwa?
Kibuyu: Ya kawaida, nilikuwa nyuma ya profesa.
– Basi picha ni ya profesa. Soma hatua ya 4.

Mama Neema: Samahani mkuu, haiwezekani kufuatilia watu wawili?
– Swali zuri, dada. Projekta ikitoa picha 120 kwa sekunde, mtu mmoja anapata 60 kila jicho. Wakiwa wawili, kila jicho linabaki na 30: picha inafifia na kumetameta. Ndiyo maana tunapokezana miwani.

Jongoo: Si mnunue tu helmeti zenye skrini ndani, bei rahisi?
– Nunua. Humu tunaonana nyuso, tunanyoosheana vidole, daftari mkononi. Wanajiolojia watano wakibishana juu ya ufa mmoja, hiyo ndiyo kazi.

Jongoo: Sawa, usikasirike.
– Sijakasirika.

Mama Neema: Na soksi je? Zangu huacha nyuzi sakafuni.
– Weka kikapu cha soksi safi mlangoni. Nyeupe. Za sufu hapana, zinateleza.

Kibuyu: Yenye tundu?
– Kibuyu, tafadhali.