Skeiti za barafu Kampala: jinsi ya kuziweka zisiliwe na kutu

Mtu akiona skeiti zangu swali ni lile lile, we barafu ya Uganda umeiona wapi? Na kweli ile ya asili iko juu Rwenzori tu, kule kwenye kilele cha Margherita mita 5,109, nani ataenda kuteleza huko. Mi nilijifunzia Nairobi, kwenye ule uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari uliofunguliwa 2005, na hadi leo nikitaka barafu lazima nipande basi la usiku. Maana yake skeiti zinakaa ndani miezi na miezi, na huko ndani ndo zinakufia.

Watu wanaogopa joto bure, kinachoua ni unyevu. Safari moja nilizitia kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) zikiwa bado na maji, nikafika home nimechoka nikazisukuma chini ya kitanda, ilikuwa Aprili mvua kila siku. Kuja kuzitoa, kisu chote (kile chuma cha chini cha kutelezea) kimekuwa rangi ya machungwa na ndani ya buti ukungu mweupe kama unga. Nililia kidogo.

Kazi inaanza ukitoka tu kwenye barafu. Futa kisu kwa taulo kavu, hasa pale kinapoungana na soli na kwenye skrubu maana maji yanajificha hapo. Halafu usikimbilie kufunga, chuma bado ni baridi na hewa ya nje ina joto kwa hiyo kitatoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka friji. Ngoja dakika kumi na tano hivi, futa tena. Wengi wanaruka hii ya pili, halafu wanashangaa kutu imetoka wapi.

Ukifika nyumbani legeza kamba zote, vuta ulimi nje, toa soli ya ndani, jaza gazeti (Bukedde ya jana inatosha, ila kama bitana ni nyeupe tanguliza tishu, wino unachafua). Ziache kivulini penye upepo siku mbili. Juani hapana, na kwenye buti ya gari iliyopaki juani hapana kabisa, gundi inaachia na ngozi inapasuka.

Zikikauka paka kisu mafuta ya cherehani, tone chache tu usambaze na kitambaa. Vaseline nyembamba pia sawa. Mafuta ya kupikia usijaribu, yanaganda yananata na mende wanafurahi.

Sasa kava. Zile ngumu za plastiki ni za kutembelea tu usikwaruze makali kwenye sementi, ukizihifadhia nazo zinafungia maji humo humo. Za kuhifadhia ni za kitambaa. Kama huna, chukua taulo kuukuu mpelekee fundi wa nguo akushonee mfuko mrefu wenye lastiki mdomoni, kazi ya dakika chache.

Baada ya hapo ziingize kwenye mfuko wa pamba au boksi lenye matundu, juu ya shelfu, mbali na sakafu na ukuta wa nje. Tupia vile vipakti vya silika jeli vinavyokuja na viatu vipya. Kuna mtu aliniambia niweke mchele, mi nikamwambia asante, panya wangu hawana shida ya chakula.

Kila wiki mbili tatu zichungulie, msimu wa mvua wa Machi mpaka Mei na ule wa Septemba mpaka Novemba zichungulie zaidi. Ukikuta kutu kidogo ubavuni isugue taratibu na stili wuli laini kisha rudishia mafuta, ila makali yenyewe usiyaguse. Na please, usimpe yule jamaa wa kunoa visu anayepita mtaani na baiskeli! Kisu cha skeiti kina makali mawili na kamfereji katikati, yeye atakulainishia kiwe bapa kama panga, ukipanda barafu unaenda upande usiotaka. Kikiwa butu subiri Nairobi kwa mtu mwenye mashine yake.

Siku ya safari futa mafuta yote kabla hujakanyaga barafu, halafu kagua kamba kama panya hawajaonja.