Somo: Gari linanuka? Tafuta chanzo kabla ya kununua manukato

Wakuu, swali hili linarudi kila mara: "gari langu linanuka, tatizo nini?" Harufu gani, wapi, saa ngapi, hakuna anayesema. Naandika mara moja, na atakayeuliza tena mleteni hapa.

1. Toa manukato yote ndani ya gari. Harufu iliyofunikwa haifuatiliki.

2. Angalia inakuja lini: injini ikiwa baridi, ukipanda mlima, ukishazima, au ukiwasha AC.

3. Itambue.

Petroli mbichi: usiwashe gari wala swichi yoyote. Kagua kifuniko cha tanki, mipira ya mafuta na nozeli (zinazopuliza mafuta kwenye injini). Haya si mambo ya kusema "nitaendesha taratibu hadi kwa fundi".

Utamutamu: kulanti, yaani maji ya kupozea injini. Ukiisikia ndani, kioo cha mbele kina utando wa mafutamafuta na kapeti imelowa, rejeta ndogo ya hita inavuja. Usifungue rejeta ikiwa ya moto.

Oili inayoungua: mara nyingi gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu ya injini) imechoka, oili inadondokea ekzosi.

Mpira: belti inateleza. Karatasi iliyoungua: klachi.

Plastiki, au harufu kama ya samaki: umeme. Simama, zima, chomoa waya hasi wa betri. Fyuzi ikikatika usiweke kubwa zaidi, maana sasa kitakachoungua ni waya.

Mayai viza: masega ya ekzosi (kichujio cha kusafisha moshi, "catalytic converter"), au betri inayochajiwa kupita kiasi. Pima betri injini ikiunguruma. Volti 13.5 hadi 14.7 ni kawaida. Zikipita 15, shughulikia alteneta (inayochaji betri), na usisogeze cheche karibu na betri, kwani gesi yake hulipuka.

4. Uvundo wa AC. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo soma taratibu. AC ikipoza hewa, maji hujikusanya kwenye evapoleta (kipoza hewa cha AC) ndani ya dashibodi, kisha hutoka nje kwa mpira mdogo chini ya gari. Anza na huo mpira. AC ikiwa imewaka muda mrefu siku ya joto na hakuna tone linalodondoka, umeziba, na ukipuliza povu la kusafishia litarudi kwenye kapeti pamoja na maji machafu. Zibua kwanza. Kisha badilisha filta ya kabini (inayochuja hewa inayoingia ndani), mara nyingi iko nyuma ya droo ya dashibodi. Sasa ndipo upulize povu linalotengenezwa kwa kazi hiyo, feni ikiwa imezimwa, ukilielekeza kwenye evapoleta na si kwenye mota ya feni. Acha lishuke lote ndipo uwashe feni, vioo na milango vikiwa wazi. Usitumie klorini kabisa: inakula alumini, evapoleta itatoboka na gesi itaisha. Baada ya hapo, jizoeze kuzima kitufe cha AC dakika chache kabla ya kufika na kuacha feni ikizunguka. Evapoleta ikikauka, kuvu haipati pa kuota.

MASWALI

— Mkuu, langu linanuka vibaya sana, msaada tafadhali.

Hatua ya 2. Ukipata jibu lake, rudi.

— Fundi wangu anatumia klorini miaka yote na hakuna kilichotoboka. Unatisha watu bure.

Alumini na klorini haviombi ruhusa ya fundi. Nimeshaandika, gari ni lako.

— Mimi ni mayai viza, ila nikipanda mlima tu. Nimepima, volti 14.2. Betri niitoe kwenye orodha?

Itoe, na asante kwa kupima. Petroli ina salfa kidogo. Injini ikichoma vizuri, inatoka bila harufu hiyo. Mafuta yakizidi hewa, masega huigeuza kuwa gesi ya mayai viza, na mlimani injini hunywa zaidi. Usikimbilie kununua masega. Soma kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari, kagua sensa ya oksijeni, filta ya hewa na nozeli inayovuja. Ukiacha hivyo, masega nayo yatakufa.

— Dada mmoja hapa: maziwa yalimwagika kiti cha nyuma, nimesugua juu lakini wapi.

Dada, yameshuka kutoka kwenye kiti hadi sponji chini ya kapeti. Inua kapeti, tumia maji baridi na sabuni yenye vimeng'enya, kausha juani kabisa. Maji ya moto huyagandisha.

— Nyongeza: langu lilikuwa panya aliyekufa kwenye feni ya AC.

Kweli kabisa. Ukikuta vipande vya karatasi au nyasi kwenye filta, fungua na feni.

— Na moshi wa ekzosi ukiingia ndani, nifungue kioo cha nyuma tu?

Hapana, hilo linaweza kuvuta moshi zaidi. Fungua vyote, simama, shukeni. Kaboni monoksidi yenyewe haina harufu, kwa hiyo ukinusa moshi chukulia kwamba nayo imo. Kagua mpira wa mlango wa buti na viungo vya ekzosi kabla ya kubeba mtu tena.