Nyonga bandia ikiingia usaha: namna ya kumsimamia mgonjwa wako

Ninauguza wodi ya mifupa hapa Dar, na ombi langu la kwanza kwa ndugu ni hili: kidonda cha nyonga bandia kikianza kuvuja, au nyonga ikimuuma hata akiwa amelala, msipitie duka la dawa. Najua duka liko hapo kona na foleni ya kliniki ni ndefu. Lakini vidonge hivyo haviondoi ugonjwa uliojishika kwenye chuma. Vinawaficha bakteria tu, kisha maabara ikipima majimaji ya nyonga haioni kitu. Mrudisheni kwa waliomfanyia upasuaji. Kama alitibiwa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, nendeni na faili na picha za eksirei. Akipata homa kali, kutetemeka au kuchanganyikiwa, msingoje kliniki. Mpelekeni usiku huohuo.

Watu huuliza kwa nini dawa peke yake haitoshi. Bakteria hujijengea utando juu ya chuma, kama ute ndani ya tangi la maji: utamwaga dawa ya maji, lakini usiposugua ute unabaki.

Andikeni tarehe dalili zilipoanza, maana ndiyo itakayoamua mengi. Zikiwa hazijazidi wiki tatu hivi na chuma bado kimeshika vizuri, daktari huweza kufungua, kukata nyama iliyoharibika, kuosha sana na kubadilisha kichwa cha nyonga na plastiki ya kikombe, chuma kikabaki. Zikichelewa, chuma chote hutoka. Wengine hurudishiwa kipya siku hiyohiyo, hasa bakteria wakijulikana na nyama ikiwa nzima. Wengi hupitia awamu mbili: kwanza huwekewa kishikilia nafasi cha saruji ya mifupa iliyochanganywa na dawa kama vankomaisini au jentamaisini, wanatumia antibayotiki kwa wiki kadhaa, halafu ndipo nyonga mpya. Tafuteni mapema ndugu wa kuchangia damu, kwa awamu zote mbili.

Kipindi cha katikati ndicho kigumu, na kipo mikononi mwenu. Kishikilia nafasi kinaweza kuchomoka au kuvunjika. Asikae kwenye mkeka wala kigoda, asichuchumae chooni: wekeni kiti cha choo cha kuinua. Mwenye kuswali aswali kitini. Bajaji inamkunja, kodini gari, kiti cha mbele kisogezwe nyuma na mto uwekwe chini yake. Atembee na magongo kwa uzito alioambiwa, si zaidi, hata akijisikia mzima.

Akipewa antibayotiki iitwayo rifampisini, mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, wala msishtuke. Ila mwambieni daktari kama anatumia dawa za kufubaza virusi au vidonge vya uzazi wa mpango, kwa sababu rifampisini hupunguza nguvu zake. Hili huwa halisemwi kwa aibu ya kusikika wodini. Ombeni kuongea faraghani.

Kabla ya awamu ya pili, ulizeni kama vipimo vya damu vinavyoonyesha mwili bado unapambana na maambukizi vimeshuka na kidonda kimekauka. Wapo ambao, kwa udhaifu wa mwili, hawawekewi tena nyonga. Mguu hufupika, na hutembea kwa magongo na kiatu kilichoongezwa soli. Mwombeni daktari apime tofauti ya miguu kwanza, ndipo mwende kwa fundi.