Usukani Kulia, Barabara Kulia: Namna ya Kuendesha Gari Goma Bila Kuwaudhi Wenzako

Magari mengi tunayoyaendesha Goma, mashariki mwa Kongo, yalitengenezwa kwa ajili ya nchi zinazopita kushoto. Yalitumika kwanza Japani, yakashushwa melini Mombasa au Dar es Salaam, kisha yakavuka mipaka hadi kufika kwetu, ambako sheria inatutaka tupite kulia. Kwa hiyo dereva anakaa upande wa mtaro badala ya kukaa upande wa katikati ya barabara, na tabia nyingi ambazo watu huzilaumu kuwa ni kiburi, kama vile kuwamulika wengine machoni, kumfungulia motari (dereva wa pikipiki ya abiria) mlango usoni au kuchomoza pua ya gari bila kuona mbele, huanzia hapo. Sisemi kwamba wenye kiburi hawapo. Hata hivyo, katika kazi yangu ya kufundisha madereva wa taksi na minibasi nimeona kwamba mtu akishajua gari lake linamficha nini, nusu ya ugomvi wake barabarani huisha.

Hatua ya kwanza: Kagua taa zako ukutani

Naanza na taa kwa sababu nilifedheheka kwa ajili yake. Jioni moja nilikuwa narudi kutoka Sake, nikiwa nimewasha taa za chini kama inavyotakiwa, na kila niliyepishana naye alinimulika kwa hasira. Nilidhani wote wamelewa. Mwishowe motari mmoja alisimama, akanionyesha kwa mkono nami nisimame, akaniambia kwa upole, "Mkubwa, shuka uje usimame hapa nilipo." Nilisimama kando ya pikipiki yake nikatazama gari langu mwenyewe, na sikuweza kulitazama hata kwa pumzi moja.

Sababu yake ni hii: taa ya chini haimwagi mwanga ulio sawa pande zote. Katika gari la nchi inayopita kushoto, mwanga hukatwa chini upande wa kulia ili usimchome anayekuja, na huinuliwa kidogo upande wa kushoto ili umulike watembea kwa miguu na vibao vya kandokando. Ukilileta gari hilo kwenye barabara ya kulia, ule mwanga ulioinuliwa unaelekea moja kwa moja kwenye macho ya anayekuja, huku mwanamke anayetembea ukingoni na kapu lake kichwani akibaki gizani.

Giza linapoanza kuingia, egesha gari mahali tambarare, likiutazama ukuta mweupe kwa umbali wa mita 5. Pima kwa kamba urefu kutoka ardhini hadi katikati ya taa, kisha weka alama ya chokaa ukutani kwa urefu uleule. Washa taa za chini. Mstari wa juu wa mwanga unapaswa kuwa chini ya alama kwa sentimita 5 hivi, yaani sentimita 1 kwa kila mita ya umbali. Ukiuona mwanga umepanda ngazi upande wa kushoto, hiyo ngazi ndiyo inayowaudhi wenzako.

Chukua kipande cha kadibodi, ukipitishe polepole mbele ya kioo cha taa mpaka ngazi ile ipotee ukutani, halafu ubandike utepe mweusi mahali hapohapo tu, bila kufunika zaidi. Njia hii inafaa kwa taa za kawaida. Taa zenye lenzi ya duara ndani hazisikii utepe, na zinahitaji kurekebishwa na fundi au kubadilishwa. Utepe nao hulegea kwa joto la balbu na kwa maji ya kuoshea gari, kwa hiyo ukaguliwe kila wiki. Kisha gari lipakiwe abiria na mizigo kama kawaida yako, upime tena, kwa maana gari lililolemewa nyuma huinua taa zake mbele, na marekebisho uliyoyafanya likiwa tupu hayatakuwa na maana.

Hatua ya pili: Jipange kwenye kiti kabla hujawasha injini

Kioo cha pembeni cha kushoto ndicho kinachotazama katikati ya barabara, nacho ndicho kilicho mbali nawe kuliko chote. Kipanue kwa nje mpaka ubavu wa gari lako uonekane kwa ukingo mwembamba tu. Jifunze pia mkono wa taa za ishara uko wapi: katika magari mengi ya Japani uko kulia kwa usukani, na waipa ziko kushoto. Dereva aliyezoea gari la usukani wa kushoto akikusudia kuonyesha kwamba anakata kona, anaishia kupangusa kioo kikavu, na aliye nyuma hana namna ya kujua kwamba hizo waipa zilikuwa salamu yake.

Hatua ya tatu: Kaa mbali na lori unalotaka kulipita

Hapa watu hunibishia. Wanasema ukikaa mbali na lori, mwingine atajipenyeza katikati. Ni kweli, atajipenyeza, nawe utarudi nyuma tena. Kwa dereva aliyekaa kulia, kulisogelea lori ni kujifunga kitambaa machoni, kwa sababu ili aone upande wa kushoto analazimika kutoa nusu ya gari katikati ya barabara ndipo macho yake yafike. Anayekuja haoni dereva anayechungulia. Anaona gari linalomjia, naye anakimbilia mtaroni.

Chagua nguzo au mti. Lori likiupita, hesabu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu." Ukiufikia mti kabla hujamaliza, umekaribia mno. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa unakwenda karibu mita 17 kila sekunde, kwa hiyo sekunde tatu ni kama mita 50. Kutoka umbali huo barabara inafunguka. Barabara ikipinda kulia, kiti chako kinakuwa faida, maana unaona mbele kwa kupitia ubavu wa kulia wa lori. Itumie nafasi hiyo kupeleleza, kisha upite barabara inaponyooka. Ikipinda kushoto huoni chochote, na hapo subira ndiyo kazi pekee uliyonayo.

Usimtegemee abiria wa mbele akuambie "piga, piga." Anaona, lakini hajui nguvu ya injini yako. Jihadhari vilevile na ishara ya dereva wa lori. Kwetu, anayewasha taa ya kushoto kwa kawaida anakuonya usipite, na ya kulia anakupa njia. Dereva aliyezoea barabara za Kenya au Uganda, wanakopita kushoto, anaitumia ishara hiyohiyo kinyume, na inaweza pia kuwa kwamba anakata kona tu. Ishara ya namna hiyo ichukuliwe kama habari, si kama ruhusa.

Hatua ya nne: Umiliki mlango wa kushoto

Mlango wa kusukuma wa minibasi nyingi kutoka Japani uko kushoto. Kule unafungukia kando ya barabara. Hapa unafungukia katikati, mahali ambapo wamotari wanapita. Taksi ndogo nazo zina tatizo lilelile kwa mlango wa nyuma. Baya zaidi ni kwamba dereva mwenyewe anashukia upande wa mtaro, penye usalama, na hivyo hana kinachomkumbusha kwamba abiria wake wanashukia penye hatari.

Kwenye gari dogo, fungua mlango wa nyuma wa kushoto na utafute kwenye ukingo wake kile kitufe cha kufuli la watoto. Kigeuze, na kuanzia hapo mlango huo hautafunguka kwa ndani. Abiria watasogea na kushukia kulia. Watanung'unika siku mbili tatu, hasa mwenye mtoto mgongoni na mfuko wa unga magotini, na wewe uwaombe radhi bila kubadili uamuzi.

Kwenye minibasi, kazi ni ya konvoyeri, yaani kondakta, na inafaa mfundishwe pamoja. Dereva asimame kabisa, kulia kadiri inavyowezekana, si kwa kuburuza magurudumu huku watu wakiruka. Konvoyeri afungue mlango kwa upana wa kiganja, atoe kichwa atazame nyuma, ashuke wa kwanza, asimame upande wa nyuma wa mlango akiwa ameinyoosha mikono, ndipo aite abiria mmoja mmoja. Penye uwanja, kama inavyotokea mara nyingi karibu na masoko, ingia ndani ya uwanja kabisa. Sekunde thelathini unazozipoteza ni chache kuliko muda wa kubishana na umati uliomzunguka motari aliyeanguka.

Hatua ya tano: Usiingie kwenye mzunguko ambao huwezi kutoka

Iwe ni mzunguko wa Rond-point Signers au ule wenye sanamu ya rangi ya dhahabu ya chukudu, yaani kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, tunazunguka kinyume cha mishale ya saa, na walio ndani wanakujia kutoka kushoto, nyuma ya kichwa cha abiria wako. Mwombe aegemee kiti, nawe usogeze kifua mbele kabla ya kutazama. Kanuni ya barabara, sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ina masharti yake ya kipaumbele, na amri ya polisi wa barabarani hutangulia alama na taa zote. Zaidi ya hayo ninawadai wanafunzi wangu jambo moja: kama njia unayotaka kutokea imejaa, subiri nje, hata kama zamu ni yako. Gari moja lililokwama ndani linafunga njia zote, na honi za nyuma yake hazitalisogeza.

Hatua ya sita: Mpe chukudu nafasi yake

Chukudu yenye magunia ya makaa au kabichi, inayoshuka kutoka upande wa Kibumba, haina breki isipokuwa kipande cha mpira ambacho mwenyewe anakikandamiza kwa mguu kwenye gurudumu la nyuma. Hawezi kusimama ghafla. Usimpite kisha ukasimama mbele yake kuchukua abiria, na usimpigie honi kwa karibu, maana akishtuka, mzigo wote unamlalia. Kwa kawaida naye yuko kulia, upande wako wa kuona vizuri, kwa hiyo huna udhuru wa kumbana. Akiwa anapanda kwa kusukuma, mpite taratibu na kwa mbali, hasa penye vumbi na vijiwe vya lava ambavyo matairi huvirusha.

Hatua ya saba: Mpakani, bandua utepe

Ukivukia Gisenyi hakuna la kubadilisha, kwa kuwa Rwanda nayo inapita kulia. Ukiingia Uganda kupitia Bunagana au Ishasha, unahamia kushoto, na ghafla gari lako liko nyumbani: mlango unafungukia ukingoni na taa zinamulika panapostahili. Bandua ule utepe kabla ya usiku, usafishe gundi kwa kitambaa chenye petroli kidogo taa ikiwa imepoa, na uweke kipande kipya nyuma ya kikinga jua kilicho juu ya kichwa chako, ukate kabisa kwa kipimo, ili siku ya kurudi ukibandike pale pale mpakani kabla ya kuanza kuteremkia Goma.